Hati Safi, Viti Visivyokalika: Kisa cha Kutathmini Uwajibikaji wa Shirika la Kusaidia Watu wenye Ulemavu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wajumbe wa bodi, wafadhili na watathmini ambao siku moja wataulizwa: je, shirika hili linawajibika? Majina ya watu, ya shirika na ya mahali yameondolewa, na mambo kadhaa ya pembeni yamebadilishwa ili asitambulike mtu. Wote wanaosimuliwa kwa undani waliombwa ridhaa upya kabla sijaandika. Mmoja alikataa, na hayumo.

Usuli

Shirika lilianzishwa na wazazi wa watoto wenye ulemavu, miaka 14 kabla ya tathmini yetu. Walianza wakikutana katika chumba cha kuazima, wakipokezana kuwabeba watoto mgongoni hadi shuleni. Mmoja wa akina mama hao ndiye aliyekuwa mkurugenzi tulipofika. Nalisema hili mapema kwa sababu msomaji akilikosa atamwelewa vibaya: mama huyu hakuingia katika kazi hii kutafuta mshahara.

Shirika lilikuwa limekua. Lilikuwa na wafanyakazi 11, wafadhili wakubwa wawili na huduma tatu: kugawa viti vya magurudumu na vifaa vingine vya kujimudu, kulipia usafiri wa wanafunzi, na kuwatembelea watu majumbani. Bodi ilikuwa na wajumbe saba. Mwenye ulemavu alikuwa mmoja tu, mwalimu mstaafu asiyeona. Sita waliobaki walikuwa wazazi, watu wa biashara na mtumishi wa umma aliyestaafu.

Kuna tofauti ambayo watu wengi huipita bila kuiona. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu wenye Ulemavu, katika Maoni yake ya Jumla Na. 7 ya mwaka 2018, inatenganisha mashirika yanayoongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe na mashirika yanayotoa huduma kwa ajili yao. Yote mawili yana kazi yake. Lakini la pili haliwezi kusema kwa niaba ya watu ambao hawakulichagua. Shirika tulilolitathmini lilikuwa la aina ya pili, na katika taarifa zake zote lilijieleza kama la kwanza: “sauti ya watu wenye ulemavu”.

Barua

Mfadhili mmoja alipokea barua isiyo na jina. Ilidai kwamba viti vya magurudumu vinauzwa na majina yanayotiwa saini ni hewa. Mfadhili akasimamisha awamu iliyofuata ya fedha na kuiomba bodi ikubali tathmini huru. Bodi ikakubali siku hiyohiyo, jambo ambalo lilinipa moyo.

Timu yetu ilikuwa ya watu watatu: mhasibu, mimi niliyesimamia mahojiano, na mwenzetu ambaye ni fundi wa viti vya magurudumu na mwenyewe anatumia kiti tangu ujanani. Uamuzi wa kumweka yeye kwenye timu ulipingwa. Mfadhili alidhani suala ni la hesabu na haoni fundi wa nini. Tulishikilia msimamo wetu, na sitaki kujisifu, kwa kuwa hata mimi wakati huo nilidhani atatusaidia zaidi katika kufungua milango ya watu. Sikujua kwamba yeye ndiye angeona kilichofichika.

Hadidu za rejea

Rasimu ya kwanza ya hadidu za rejea, yaani hati ya kueleza kazi tuliyopewa, ilikuwa na maswali manne, yote ya fedha: zimepokewa ngapi, zimetumika wapi, nani aliidhinisha, na viti viko wapi. Siku 10. Hakukuwa na hata swali moja lililomhitaji mtu mwenye ulemavu ili lijibike.

Tuliomba swali la tano: je, wanaohudumiwa wana uwezo gani wa kuhoji, kukataa au kubadilisha kinachofanywa kwa jina lao? Hoja yetu iliegemea Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 2006. Ibara ya 4, kifungu cha 3, inataka watu wenye ulemavu washauriwe kwa karibu na washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu. Ibara ya 33 inataka washiriki kikamilifu katika ufuatiliaji wa utekelezaji wa Mkataba. Ni kweli kwamba wajibu huo umewekwa juu ya nchi na si juu ya shirika dogo. Lakini shirika linalotaja Mkataba katika ukurasa wa kwanza wa andiko lake la kuomba fedha limejifunga lenyewe kupimwa kwa kipimo hicho. Mfadhili alikubali na tukapewa siku 15.

Leo ningeomba 25.

Siku za makaratasi

Mhasibu wetu alianza na vitabu, na hadi jioni ya siku ya pili alikuwa ameanza kutabasamu. Hati za malipo zilikuwa na namba zinazofuatana. Kila hundi ilikuwa na saini mbili. Hesabu za benki zililinganishwa na leja kila mwezi, na aliyelinganisha si aliyelipa. Mkaguzi wa nje alikuwa ametoa hati safi kwa miaka mitatu mfululizo. Daftari la stoo lilikaa sawa: katika miaka miwili viliingia viti 62 na vikatoka viti 62, kila kimoja na jina, tarehe, mtaa na saini au alama ya dole gumba.

Alipata kasoro moja. Mipira na vipuri vilinunuliwa kwenye kampuni ya ndugu wa mjumbe wa bodi, na hapakuwa na daftari la kutangaza maslahi. Bei zilikuwa za kawaida, hata nafuu kidogo. Mjumbe mwenyewe alishangaa tulipomuuliza. Alisema kila mtu anajua. Tulimweleza kwamba “kila mtu” ni wale waliomo chumbani, na mtoa fedha na mpokea huduma hawamo. Hilo tuliliandika kama udhaifu wa utaratibu, si wizi.

Kama tungekuwa na maswali yale manne tu, kazi ingeishia hapo. Ripoti ingesema barua ile ni uzushi, fedha zingeachiliwa, na kila mtu angelala usingizi.

Siku za kupiga hodi

Mkurugenzi alitupa orodha ya watu 12 wa kuwatembelea, dereva, na afisa wa kutusindikiza. Alifanya hivyo kwa ukarimu. Tulishukuru na tukakataa yote matatu. Tukachukua daftari la stoo na kuhesabu kila jina la tatu, tukapata majina 20. Mahojiano tulitaka yafanyike bila mfanyakazi wa shirika, na kwa viziwi tulitafuta mkalimani wa lugha ya alama asiyewahi kulipwa na shirika. Ndugu wa familia hatukumtumia kama mkalimani ila pale mhojiwa mwenyewe alipomtaka.

Kati ya watu 20, tuliwapata 17. Wawili walikuwa wamehama, mmoja alikuwa amefariki. Viti vilivyokuwepo ni 16. Cha 17 kilikuwa kimeuzwa kweli, na aliyekiuza ni mwenye kiti mwenyewe ili alipie matibabu ya mtoto. Alitueleza bila kuficha. “Kilikuwa changu,” alisema, “na hakikunifaa.” Majina hewa hayakuwepo. Shutuma ya barua ilianguka.

Ila maneno yale, hakikunifaa, yalikuwa yameanza kurudiarudia masikioni. Katika nyumba ya tatu mama mmoja wa makamo alitukaribisha akiwa ameketi kwenye mkeka. Kiti kilikuwa kwenye kona, kimefunikwa shuka safi, na juu ya shuka zimepangwa nguo zilizokunjwa. Mwenzetu fundi aliomba kukiona. Aliondoa nguo moja moja, akazipanga kitandani, akamwomba mama akubali kukikalia. Mama akasaidiwa kupanda. Fundi akachomeka ngumi yake kati ya nyonga ya mama na ubavu wa kiti. Ngumi ikaingia nzima na kuzunguka. Miguu ilikuwa inaning’inia, haigusi vikanyagio. Hakukuwa na mto wa kukalia, kitambaa kitupu tu kilicholegea katikati kama machela. Mama alikaa dakika mbili, mwili ukaanza kulalia upande.

“Mwanangu,” akamwambia fundi, “kiti ni kizuri. Ila si changu.”

Kati ya viti 16, vilivyotumika kila siku vilikuwa saba. Vingine tisa vilikuwa na sababu zake: kipana mno, tairi limepasuka na hakuna wa kuziba, mlango wa nyumba mwembamba, breki hazishiki. Viti vyote vilikuwa vya ukubwa mmoja. Mtu mzima wa kimo kirefu na msichana wa miaka 13 walipewa kiti kilekile.

Nyumba ya tisa ilitufanya tusimamishe kazi kabisa. Kijana aliyeumia uti wa mgongo alikuwa miongoni mwa wale saba wanaotumia kiti kila siku, tena kwa furaha. Kwenye karatasi yangu tayari nilikuwa nimemwekea alama ya mafanikio. Fundi alimuuliza kama anajikagua ngozi ya makalio. Kijana hakujua kwa nini mtu ajikague. Dada yake ndiye aliyesema taratibu kwamba kuna kidonda, na kwamba kimeanza kunuka. Mtu asiyehisi kuanzia kiunoni hapati onyo la maumivu. Akikaa saa nyingi bila mto unaofaa na bila kujiinua, damu haifiki, ngozi inakufa, na kidonda kikichimba hadi mfupani kinaweza kumuua.

Tulikuwa na uamuzi wa kufanya. Mtathmini hapaswi kuingilia anachokitathmini, ndivyo tulivyofundishwa. Tulifunga madaftari na kumpeleka kijana kwenye kituo cha afya jioni ile, kisha tukalieleza shirika usiku huohuo. Katika ripoti tuliandika wazi kwamba tumefanya hivyo. Sijawahi kujuta.

Usiku ule fundi alitusomea orodha aliyokuwa nayo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu utoaji wa viti vya magurudumu unataja hatua nane: rufaa na miadi, upimaji wa mtu, kuandika aina ya kiti kinachomfaa, kupata fedha na kuagiza, kuandaa kiti, kukilinganisha na mwili wa mtu, kumfundisha mtumiaji, halafu ufuatiliaji na matengenezo. Tulilifungua tena daftari la stoo. Jina, tarehe, mtaa, saini. Hapakuwa na safu ya upana wa nyonga wala ya urefu wa mguu. Shirika lilikuwa likiagiza viti na kuvikabidhi. Hatua nyingine za huduma hazikuwepo, na hakuna mkaguzi ambaye angeweza kuliona hilo kwenye vitabu, kwa kuwa vitabu havikuwa na mahali pa kuliandika.

Sanduku la maoni na mkutano wa mrejesho

Taarifa za shirika zilisema lina “mfumo thabiti wa malalamiko”. Mfumo wenyewe ulikuwa sanduku la bati lililopigiliwa ukutani, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, juu ya ngazi tatu, ndani ya mlango wa ofisi. Ufunguo alikuwa nao mkurugenzi. Tuliomba lifunguliwe mbele ya mwenyekiti wa bodi. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya mtu anayetafuta kazi. Nyingine, ambayo pembe zake zilikuwa zimegeuka rangi, ilisema kiti cha mwanangu hakina mkanda, anaanguka, naomba msaada. Haikuwa na tarehe. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akaketi.

Mikutano ya mrejesho nayo ilikuwepo, miwili kwa mwaka, na orodha za mahudhurio zimejaa. Kijana kiziwi ambaye jina lake lilikuwa katika orodha zote nne alitueleza kupitia mkalimani wetu kwamba hajawahi kujua kilichosemwa. Mkalimani hakuwahi kuletwa. Alitia saini kwa sababu posho ya nauli hutolewa kwa wenye saini.

Na mwalimu mstaafu wa kwenye bodi? Makabrasha ya vikao alikuwa akipelekewa yamechapwa kwenye karatasi kama wenzake, kwa miaka sita. Karani alikuwa akimsomea maazimio tu, siku ya kikao, kabla ya kupiga kura. Anasoma nukta nundu vizuri kabisa na simu yake inamsomea maandishi. Hakuna aliyewahi kumuuliza anapenda kupelekewa vipi. Tulipomuuliza kwa nini hakulalamika, alinyamaza kidogo, kisha akasema alihofia kuonekana mzigo katika bodi ambayo ilikuwa inajivunia kuwa naye.

Daftari la mkurugenzi

Sasa tulikuwa na matokeo ambayo hakuna aliyeyatarajia, na mfadhili alitaka kuyasikia kwanza. Tuliamua kumpelekea mkurugenzi na mwenyekiti kwanza, kwa mdomo na kisha kwa maandishi, na kuwapa siku tano za kujibu. Mfadhili alikasirika. Sababu yetu ilikuwa haki tu: mtu anayetuhumiwa asikilizwe kabla hukumu haijaanza kuzunguka. Kumbe ilikuwa pia sababu ya ukweli, maana bila siku zile tano ripoti yetu ingekuwa na kosa kubwa.

Siku ya tatu mkurugenzi alituita. Alikuwa amelia, na hakuficha. Akatoa kabatini daftari la kawaida la shule, limejaa mwandiko wake. Ilikuwa orodha ya watu aliowaona yeye mwenyewe wakihangaika na viti, na maelezo: huyu mpira, huyu mto, huyu kiti kidogo zaidi. Kisha akatoa barua tatu alizowaandikia wafadhili, mwaka baada ya mwaka, akiomba fedha za kumlipa fundi, kununua mito na kuzungukia watu. Majibu yote yalisema kitu kimoja: hizo ni gharama za uendeshaji na zimeshavuka kiwango kinachoruhusiwa. Fedha za viti zilikuwepo. Fedha za kumfanya mtu akae kwenye kiti hazikuwepo.

Nilimuuliza kwa nini daftari lile halikuwahi kufika kwenye bodi. Alisema bodi ingemuuliza kwa nini anagawa viti ambavyo anajua havifai, na asingekuwa na la kujibu.

Tuliandika sura mpya kuhusu wafadhili wenyewe: kwamba waliomba idadi ya viti vilivyogawiwa, wakapewa idadi ya viti vilivyogawiwa, na walipoambiwa shida kwa maandishi mara tatu walijibu kwa asilimia za bajeti. Mfadhili aliyetulipa aliomba sura hiyo iwe kiambatisho. Tulikataa. Ilibaki mahali pake, kati ya sura ya viti na sura ya malalamiko.

Kosa letu

Rasimu ya ripoti ilisambazwa kwa watu tisa. Katika ukurasa mmoja nilikuwa nimenukuu maneno makali kuhusu wafanyakazi wa ziara za nyumbani, nikayahusisha na mhojiwa “mama wa mapacha anayetumia kiti cha magurudumu”. Jina sikulitaja. Niliona inatosha. Katika eneo lile mama wa mapacha anayetumia kiti alikuwa mmoja.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Ziara yake ya mwezi ilikuwa imerukwa, na mfanyakazi alipokutana naye njiani alimwambia, “Nenda kwa wale uliowapa habari.” Sauti yake haikuwa ya hasira. Alitaka tu kujua kama nilimtaja.

Tuliondoa rasimu zote na kuzibadilisha. Nilikwenda kwake kumwomba radhi ana kwa ana. Tuliieleza bodi, ikampangia mfanyakazi mwingine na kumwonya yule wa kwanza kwa maandishi. Lakini mama huyo hakukubali tena kuhojiwa na mtathmini yeyote, na ana haki hiyo. Tulikuwa tumekwenda kupima kama watu wanaweza kulalamika kwa usalama, na aliyelalamika kwetu hakuwa salama.

Matokeo

Fedha ziliachiliwa kwa masharti. Tulirudi baada ya mwaka mmoja.

Bodi ilikuwa imepanuliwa hadi wajumbe tisa, na wanne kati yao walichaguliwa na makundi ya watu wenye ulemavu yenyewe, hawakuteuliwa na mkurugenzi. Makabrasha yalitumwa siku saba kabla ya kikao, kwa namna ambayo kila mjumbe aliichagua. Mwalimu mstaafu alikuwa ameomba kila azimio liambatane na hoja zilizolikataa, na vikao vilikuwa vimerefuka. Wajumbe wa zamani wawili walijiuzulu kwa sababu hiyo.

Fundi aliajiriwa. Daftari la stoo lilikuwa na safu mpya za vipimo, mafunzo na tarehe ya kurudi kukagua. Viti vilivyotolewa mwaka ule vilikuwa 15, na mfadhili wa pili karibu akatize ufadhili kwa kuona “utendaji umeshuka”. Aliyemshawishi abaki alikuwa mjumbe mpya wa bodi, msichana anayetumia kiti, aliyempeleka kuwatembelea watu watano kati ya hao 15 bila kutangulia kuwajulisha. Wote watano walikuwa hawapo nyumbani. Walikuwa wametoka, kila mmoja na shughuli zake, kwenye viti vyao.

Malalamiko yaliyoandikishwa yalikuwa 41. Yalipokewa kwa simu, kwa ujumbe, kwa video ya lugha ya alama na kwa mjumbe aliyechaguliwa katika kila mtaa, na daftari lake lilikaa kwa katibu wa bodi. Kijana wa kidonda alipona baada ya miezi mingi. Mama wa kiti kilichofunikwa shuka alipata kingine.

Daftari la kutangaza maslahi lilikuwa bado halijaanzishwa. Muhtasari wa ripoti kwa lugha ya alama na kwa lugha rahisi ulitoka miezi minne baada ya ripoti ya wafadhili, na lawama hiyo ni yetu.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi kuliko vyote kilikuwa kitendo kidogo sana: kuhesabu kila jina la tatu. Tulipitia baadaye ile orodha ya watu 12 ya mkurugenzi. Kumi kati yao walikuwa wanatumia viti vyao kila siku. Sidhani alitaka kutudanganya. Mtu akiombwa ataje watu wa kuonyesha kazi yake, huwakumbuka waliofanikiwa. Lakini tungerudi na picha ya shirika lingine kabisa. Anayetathminiwa asichague wa kuhojiwa, hata awe mwaminifu vipi.

La pili ni yule fundi. Mimi niliona kiti kipo, nikaweka alama. Yeye aliona kiti hakimbebi mtu. Ujuzi huo haupatikani kwa kusoma miongozo usiku mmoja kabla ya safari, na sehemu yake ameupata kwa kuishi mwilini mwake. Nimeshiriki tathmini kadhaa ambako watu wenye ulemavu walihojiwa tu, na sasa sina uhakika tuliona nini.

Kuhusu hati safi, isieleweke kwamba ukaguzi wa fedha haukuwa na maana. Ulithibitisha kwamba fedha hazikuibwa, na hilo lilimlinda mkurugenzi dhidi ya shutuma ya uongo. Tatizo lilikuwa kwamba uwajibikaji wote wa shirika ulipanda kwenda kwa mtoa fedha, na kwa njia hiyo moja ulikuwa bora kuliko wa mashirika makubwa ninayoyajua. Kuelekea kwa mtumiaji hapakuwa na njia. Mtu aliyepewa kiti hakuwa na namna ya kukikataa, wala ya kumwondoa aliyempa. Ukitaka kujua shirika linawajibika kwa nani, tazama nani anaweza kulisababishia hasara likikosea. Hapa walikuwa wafadhili wawili, basi.

Ndiyo maana naisoma idadi ya malalamiko kinyume na inavyozoeleka. Karatasi mbili sandukuni zingeweza kuripotiwa kama dalili ya kuridhika. Yale 41 yalikuwa na mambo madogo na makubwa, na 29 yalijibiwa ndani ya mwezi. Kiwango cha Msingi cha Kibinadamu (Core Humanitarian Standard), yaani ahadi ambazo mashirika ya misaada hujipimia, kilichotolewa mwaka 2014 na kurekebishwa mwaka 2024, kinaweka malalamiko katika ahadi ya tano kati ya tisa. Kinachopimwa hapo ni kama watu wanaweza kulalamika na wakasikilizwa. Sanduku si njia ya malalamiko kwa mtu asiyeweza kupanda ngazi, asiyeandika, au anayejua kwamba ufunguo yuko nao yule anayemlalamikia.

Kilichoshindikana ni mengi. Tuliingia na swali la wizi, likala siku nne za mwanzo kati ya 15, na siku hizo zilitupungukia mwishoni. Suala la utambulisho nimelieleza. Tangu hapo, kila nukuu katika ripoti zangu naisomesha kwa mtu wa eneo lile asiye wa shirika, nikimwomba akisie ni nani. Akikisia, inatoka. Na wafadhili: tuliandika sura juu yao lakini hatukuwa na mamlaka ya kudai jibu. Mmoja alibadilisha fomu zake. Mwingine hakujibu hadi leo.

Pengo ambalo bado linanisumbua ni la watu wenye ulemavu wa akili. Katika yale majina 20 walikuwamo wanne. Tulifika kwa wote, na kwa wote wanne tuliishia kuzungumza na mzazi au mlezi, kwa kuwa hatukuandaa picha, hatukuandaa maswali ya lugha rahisi, na hatukutenga muda wa kurudi mara ya pili na ya tatu hadi mtu atuzoee. Dole gumba lililokuwa kwenye daftari la stoo mbele ya majina yao lilikuwa la mlezi. Nasi kwenye fomu zetu za ridhaa tulichukua dole lilelile. Ibara ya 12 ya Mkataba, inayotambua uwezo wa kisheria wa kila mtu mwenye ulemavu kwa usawa na wengine, nilikuwa nayo kwenye begi. Tuliporudi baada ya mwaka nilimtafuta mmoja wao, kijana wa miaka 20 na kitu. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu alinionyesha kiti chake, akakizungusha, kisha akaniongoza hadi nyuma ya nyumba na kunionyesha mahali ambapo magurudumu hukwama.